Kura 63 zilizoamua bunge la Pennsylvania

Novemba 2022, katika vitongoji vya Kaunti ya Montgomery nje kidogo ya jiji la Philadelphia, wagombea wawili walikaa zaidi ya wiki nzima bila kujua nani kashinda. Mmoja alikuwa Todd Stephens, Mrepublikani aliyekikalia kiti hicho tangu 2011. Mwingine alikuwa Melissa Cerrato, Mdemokrati. Hesabu ilipofungwa, Cerrato alikuwa mbele kwa kura 63. Hao ni abiria wa basi moja la mkoani, likijaa. Kwa kura hizo chama cha Demokrati kilifikisha viti 102 kati ya 203 vya Baraza la Wawakilishi la Pennsylvania, na Warepublikani, waliokuwa wamelishika baraza hilo miaka 12, wakabaki na 101.

Wengi wetu tunaisikia Pennsylvania mara moja kila miaka minne. Inatajwa kwenye redio kama jimbo lenye ushindani mkali, lenye kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais, halafu mshindi akishaapishwa jina hilo linapotea masikioni. Nadhani hapo tunapitwa na jambo kubwa. Mabasi, mishahara ya vibarua, fedha za shule, sheria za utoaji mimba na za bunduki, hata utaratibu wenyewe wa kuhesabu kura za rais, yote hayo hupitia kwa watu wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili katika uchaguzi ambao kamera za kimataifa haziufuatilii. Na kati ya viti hivyo 203, vinavyoweza kubadili mkono kweli ni vichache mno.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane maneno. Mtanzania akisikia "jimbo" huwaza sehemu anayotoka mbunge wake. Vyombo vya habari navyo huita Pennsylvania yote "jimbo". Kwa hiyo hapa jimbo litakuwa Pennsylvania nzima, na sehemu ya mbunge mmoja nitaiita eneobunge, kama wanavyosema Wakenya. Tena bunge ninalolizungumzia si Kongresi ya Washington. Ni bunge la jimbo lenyewe, linalokaa Harrisburg, makao makuu ya jimbo. Mzanzibari atalielewa hili haraka kuliko wote, kwa kuwa analo Baraza lake la Wawakilishi pale Chukwani, na bado anapeleka wabunge wengine Dodoma.

Bunge la Harrisburg lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lina watu 203, na wote hurudi kwa wapiga kura kila miaka miwili. Seneti ina watu 50 wanaokaa miaka minne, nusu yao wakigombea kila awamu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 13,002,700 katika jimbo, kwa hiyo eneobunge moja la Baraza lina watu kama 64,000 hivi, na la Seneti kama 260,000. Gavana, Josh Shapiro, ni Mdemokrati. Seneti iko mikononi mwa Warepublikani. Baraza la Wawakilishi ndilo linaloyumba.

Ukiitazama ramani utaona kwa nini viti vingi havina ushindani wowote. Mashariki kuna Philadelphia yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu, magharibi kuna Pittsburgh, na katikati kuna milima, mashamba, miji ya zamani ya makaa ya mawe na ya chuma. Ndani ya Philadelphia kuna mitaa ambayo mgombea wa Demokrati hupata kura tisa kati ya kumi. Ukiingia kaunti za milimani hali inageuka kinyume chake. Katika maeneobunge kama hayo mshindi hupatikana kwenye mchujo wa chama chenye nguvu mahali hapo, miezi kadhaa kabla ya Novemba, na huko Pennsylvania mchujo ni wa wanachama waliojiandikisha tu. Asiye na chama anakaa nje akingoja. Kuna viti vingi ambavyo chama cha pili hakisimamishi mtu kabisa.

Halafu kuna mipaka. Nani anashika kalamu ya kuchora maeneobunge ni suala lililowatesa Wapennsylvania kwa miaka mingi. Mwaka 2011 Warepublikani, wakiwa na bunge na ugavana pamoja, walichora mipaka ya viti vya Kongresi kwa namna ambayo kwenye uchaguzi wa 2012 Wademokrati walipata zaidi kidogo ya nusu ya kura za jimbo zima lakini wakaambulia viti 5 kati ya 18. Eneo namba 7 lilipindwa na kukatwa mpaka watu wakasema linafanana na katuni ya Goofy akimpiga teke Donald Duck. Januari 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya Pennsylvania ilisema mipaka hiyo inavunja katiba ya jimbo, kisha ikatoa mipaka mipya. Novemba mwaka huohuo matokeo yalikuwa viti 9 kwa 9. Wapiga kura walikuwa wale wale wa jimbo lile lile, na mstari kwenye karatasi ndio uliohama.

Mipaka ya bunge la Harrisburg huchorwa kwa njia nyingine. Kuna tume ya watu watano. Wanne ni viongozi wa vyama viwili kutoka nyumba zote mbili, na wa tano ni mwenyekiti. Wale wanne wakishindwa kukubaliana juu ya mwenyekiti, na kwa kawaida hushindwa, mahakama hiyohiyo ya juu humteua. Baada ya sensa ya 2020 aliteuliwa Mark Nordenberg, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Chini yake, tume iliamua kuwa wafungwa wengi wahesabiwe walikokuwa wakiishi kabla ya kufungwa, badala ya kuhesabiwa gerezani. Linasikika kama jambo dogo la makarani, lakini magereza mengi yako vijijini na wafungwa wengi wanatoka mijini, kwa hiyo hesabu ya zamani ilikuwa inahamisha uzito wa mji kwenda kijijini kwa kutumia watu wasioruhusiwa hata kupiga kura. Mipaka ilipitishwa Februari 2022. Miezi tisa baadaye Wademokrati wakaongeza viti 12, na hapo ndipo tunapokutana tena na zile kura 63.

Sisemi kwamba mipaka ndiyo iliyowapa ushindi. Mipaka ya haki humfungulia mtu mlango, na kuingia ni juu yake. Usiku uleule wa 2022, katika Kaunti ya Bucks iliyopakana na Montgomery, Mrepublikani Joseph Hogan alishinda kiti chake kwa kura 76. Kura 63 kwa huyu, 76 kwa yule, katika kaunti mbili jirani. Upepo ungevuma kidogo kuelekea upande mmoja, Baraza lingekuwa na sura nyingine.

Vitongoji hivi vya Philadelphia vinastahili kutazamwa kwa karibu. Zamani vilikuwa ngome ya Warepublikani: watu wenye nyumba zao, wasiopenda kodi, waliohamia huko kuukimbia mji. Kidogo kidogo, hasa baada ya 2016, wenye elimu ya chuo wakaanza kukihama chama hicho, kwanza kwenye kura ya rais, halafu kwa wabunge. Lakini Bucks haijakubali kutabirika. Mwaka 2024 Donald Trump aliichukua kaunti hiyo, akiwa mgombea urais wa kwanza wa Republikani kushinda huko tangu 1988. Ndiyo maana pesa nyingi za kampeni za ubunge humiminika huko. Na pesa hazina kizuizi. Sheria ya Pennsylvania inakataza makampuni na vyama vya wafanyakazi kumchangia mgombea moja kwa moja, lakini haimwekei mtu binafsi kikomo chochote. Tajiri mmoja anaweza kuandika hundi ya kiasi anachotaka. Mimi naliona hilo kuwa kovu kwenye uso wa demokrasia ya jimbo hili, kwa sababu katika eneobunge la watu 64,000 fedha za mtu mmoja zinaweza kufunika sauti za mtaa mzima.

Sasa tuvuke milima hadi upande wa pili, Kaunti ya Cambria, kwenye mji wa Johnstown. Huu ni mji wa chuma. Mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu ya milima na mafuriko yakaua zaidi ya watu 2,200. Mji ukajengwa upya, viwanda vikaendelea kuunguruma karne nyingine, kisha kampuni ya Bethlehem Steel ikafunga shughuli zake za mwisho hapo mwaka 1992. Wana wa wafanyakazi wale walikuwa Wademokrati wa kuzaliwa, wa chama cha wafanyakazi na kanisa. Leo zaidi ya theluthi mbili ya kura za kaunti hii huenda kwa Trump. Lakini mbunge wao katika Baraza la Wawakilishi, Frank Burns, ni Mdemokrati, na yupo tangu 2009.

Anawezaje? Kwanza, wanamjua. Pili, anapiga kura kama mtu wa Cambria kabla ya kupiga kura kama mtu wa chama. Mei 2023 ulipoletwa muswada wa kuwataka wenye bunduki waripoti zinapopotea au kuibiwa, ulianguka kwa kura 100 dhidi ya 101, na Burns alikuwa upande wa waliopinga. Viongozi wake walimeza hilo. Chama chenye wingi wa kiti kimoja hakiwezi kumfukuza anayekishikilia kiti hicho. Na hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuwa mwangalifu: kusema "Wademokrati wana 102" hakumaanishi kwamba kila muswada wao una kura 102.

Novemba 2024 macho yote ya Harrisburg yalikuwa Johnstown. Warepublikani walimsimamisha Amy Bradley, matangazo yakajaa kwenye televisheni, na hesabu ikawa ya kubana. Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa Wademokrati. Trump alishinda jimbo. Seneta Bob Casey aliangushwa na David McCormick kwa kura kama 15,000 kati ya takribani milioni 7. Nafasi za mwanasheria mkuu, mweka hazina na mkaguzi wa hesabu zote zilikwenda kwa Warepublikani. Katikati ya wimbi hilo Burns alishinda. Na ajabu ikawa hii: katika viti vyote 203, hakuna hata kimoja kilichobadili chama. Ikabaki 102 kwa 101, vilevile kama ilivyokuwa.

Watu wengi waliuliza inakuwaje mtu ampigie Trump kisha, kwenye karatasi hiyohiyo, ampigie mbunge wa Demokrati. Watanzania tunayo lugha ya jambo hili. Kila kampeni zikija tunahimizwa kupiga mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Wakenya huita suti. Pennsylvania nayo ilikuwa na mafiga yake, na kwao yalikuwa rahisi zaidi, kwa sababu karatasi ya kura ilikuwa na alama moja ya chama na ukiitia tiki umewachagua wote. Sheria namba 77 ya mwaka 2019 iliifuta alama hiyo. Tangu 2020 mpiga kura analazimika kushuka jina kwa jina. Wapo wanaofika chini wakamwona mtu aliyewasaidia kupata kibali cha duka au aliyehudhuria msiba wa mzee wao. Wapo pia wanaochoka wakaacha kiti cha mwisho wazi. Kwenye kinyang'anyiro cha kura 63, wote wawili ni wa maana.

Lakini si kweli kwamba hakuna kilichohama mwaka 2024. Kilihama kwenye Seneti, na kilihama pande mbili kwa pamoja. Huko Harrisburg na viunga vyake, Patty Kim wa Demokrati alichukua kiti kilichokuwa cha Warepublikani. Kaskazini-mashariki mwa Philadelphia, mitaa ya mapolisi, wazima moto na mafundi, Joe Picozzi wa Republikani alimwangusha seneta wa Demokrati, Jimmy Dillon. Jumla haikubadilika, 28 kwa 22, lakini chini ya jumla hiyo watu walikuwa wanapishana barabarani: wa vitongoji vya makao makuu wakienda huku, vibarua wa mjini wakienda kule. Anayetazama jumla peke yake hawezi kuwaona.

Wingi wa kiti kimoja una mateso yake, na hakuna anayeyajua kuliko Baraza hili. Rudi kwenye Desemba 2022. Wademokrati walikuwa wameshinda viti 102, lakini vitatu vilikuwa vitupu kabla hata ya kuapishwa. Tony DeLuca, mkongwe wa Baraza, alifariki Oktoba 9, karatasi za kura zikiwa zimeshachapwa na jina lake. Wapiga kura wakamchagua kwa kura nyingi akiwa kaburini. Austin Davis alikuwa amechaguliwa kuwa naibu gavana, na Summer Lee kwenda Kongresi, kwa hiyo wote wawili wakajiuzulu viti vyao vya jimbo. Ghafla Warepublikani wakawa 101 na Wademokrati 99. Nani ana wingi? Aliyeshinda viti vingi, au mwenye watu wengi wanaopumua ukumbini? Joanna McClinton wa Demokrati na Bryan Cutler wa Republikani kila mmoja alidai kuwa kiongozi wa walio wengi, na wakavutana juu ya tarehe za chaguzi ndogo, kwa kuwa anayeongoza Baraza ndiye anayezitangaza.

Januari 3, 2023, kukatokea suluhu ambayo hakuna aliyeitabiri. Mark Rozzi, Mdemokrati wa Kaunti ya Berks asiyekuwa kiongozi wa chochote, alichaguliwa spika kwa kura 115 dhidi ya 85. Wademokrati wote 99 walimuunga mkono, na Warepublikani 16 pamoja nao, kwa ahadi kwamba ataendesha Baraza bila kuegemea chama. Februari 7 Wademokrati walishinda chaguzi zote tatu ndogo katika Kaunti ya Allegheny, na mwisho wa mwezi huo Rozzi akaachia kiti. McClinton akawa mwanamke wa kwanza kuwa spika wa Baraza hilo.

Hapo mtu angedhani yameisha. Hayakuisha. Machi 2023 mbunge wa Kaunti ya Delaware alijiuzulu, uchaguzi mdogo ukaitwa, na Mei Heather Boyd akakinusuru kiti. Septemba mwaka huo ikawa Pittsburgh, na Lindsay Powell akashinda. Februari 2024 ikawa Bucks, na Jim Prokopiak akashinda. Kila mara wingi ulikuwa mezani upya, na kila mara watu elfu chache katika eneobunge moja walikuwa wanaamua ajenda ya watu milioni 13. Uchaguzi mdogo hauna rais kwenye karatasi, haujai matangazo, na wanaojitokeza ni wachache. Wenye chama chenye mtandao wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba ndio wanaovuna.

Halafu ikaja Januari 2025. Siku ya kuapishwa, Matt Gergely wa McKeesport, aliyekuwa amechukua kiti cha Austin Davis kwenye uchaguzi mdogo wa 2023, alikuwa hospitalini. Baraza likawa 101 kwa 101. Jesse Topper wa Republikani alipendekezwa kuwa spika, kisha akaliondoa jina lake, na McClinton akarudi kitini. Wiki mbili hazikupita, Gergely akafariki. Kiti kilekile cha bonde la Mto Monongahela kikaenda tena kwa wapiga kura, Machi 25, 2025, na Dan Goughnour akakirudisha kwa Wademokrati. Watu wa McKeesport katika miaka hiyo michache walichaguliwa kuwa walinzi wa mlango wa jimbo bila wao kuomba kazi hiyo.

Siku hiyohiyo ya Machi, upande wa mashariki, kulitokea jambo lililowashangaza hata walioshinda. Katika Kaunti ya Lancaster, kwenye eneo la Seneti ambalo Trump alikuwa amelishinda kwa pointi kama 15 miezi minne tu iliyopita, Mdemokrati James Malone, meya wa mji mdogo wa East Petersburg, alimshinda Josh Parsons kwa tofauti isiyofika kura elfu moja. Seneti ikawa 27 kwa 23. Sioni sababu ya kuliita hilo mapinduzi. Waliopiga kura mwezi Machi hawakufanana na waliopiga Novemba. Wafuasi wengi wa Trump humfuata yeye, na asipokuwepo kwenye karatasi hubaki nyumbani. Lakini limewafundisha viongozi wa vyama vyote kwamba neno "kiti salama" linategemea mwezi wa kalenda.

Viti vya Kongresi nitavipitia kwa haraka, maana vinajulikana zaidi. Pennsylvania inavyo 17 sasa, baada ya kupoteza kimoja kwa sensa ya 2020. Mwaka 2022 vilikuwa 9 vya Demokrati na 8 vya Republikani. Mwaka 2024 Ryan Mackenzie alimwangusha Susan Wild katika bonde la Lehigh, Rob Bresnahan akamwangusha Matt Cartwright huko Scranton, na Scott Perry akaokoka mbele ya Janelle Stelson karibu na Harrisburg, wote kwa tofauti iliyo chini ya pointi 2. Ikawa 10 kwa 7 upande wa Republikani. Ukikumbuka kwamba mwaka huo chama hicho kilipata viti 220 kati ya 435 vya Washington, utaona uzito wa kaunti hizi. Bucks, kwa upande wake, imeendelea kumrudisha Brian Fitzpatrick, Mrepublikani, ingawa 2024 eneo lake lilimpa kura zaidi Kamala Harris. Ni Burns aliyevaa koti la chama cha pili.

Jambo moja la kukumbuka usiku wa matokeo. Pennsylvania inaruhusu kura kwa njia ya posta bila kutoa sababu, tangu sheria ileile ya 2019. Lakini hairuhusu bahasha kufunguliwa kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Wademokrati hutumia posta zaidi kuliko Warepublikani, na miji mikubwa ina bahasha nyingi kuliko vijiji. Matokeo yake, katika kaunti nyingi kura za vituoni huweza kutangulia, na za posta zikafuata taratibu kadiri makarani wanavyofungua. Mwaka 2020 watu waliona Trump akiongoza usiku, kisha Biden akimpita siku zilizofuata, na uongo mwingi ukajengwa juu ya kile kilichokuwa foleni ya bahasha tu. Kwenye kiti cha ubunge chenye tofauti ya kura 63, kungoja wiki ni jambo la kawaida. Anayetangaza mshindi saa nne usiku anabahatisha.

Baadhi ya wanaosoma makala hii wanaishi humo. Erie, Lancaster na Pittsburgh zimepokea familia nyingi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika kwenye makanisa na viwanda vya huko. Mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, na akishaapishwa anaweza kujiandikisha kupiga kura hadi siku 15 kabla ya uchaguzi. Kura ya posta lazima iwe imefika ofisi ya kaunti kabla ya saa mbili usiku ya siku ya uchaguzi; muhuri wa posta hauhesabiwi. Ndugu ambaye bado hajawa raia asijaze fomu ya kujiandikisha, hata akipewa na mtu mwenye nia njema, kwa sababu kosa hilo linaweza kumfungia mlango wa uraia. Nalisisitiza kwa sababu kosa la aina hiyo hugharimu familia nzima.

Na wingi huu wa kiti kimoja umeleta nini? Umeleta miswada mingi inayopita nyumba moja na kulala nyumba ya pili. Baraza lilipitisha mara kwa mara fedha za usafiri wa umma na Seneti ikazikataa, mpaka Agosti 2025 shirika la SEPTA la Philadelphia likafuta njia 32 za mabasi, zikarudishwa mwezi uliofuata kwa kuchota fungu la ukarabati. Bajeti iliyotakiwa kukamilika Juni 30, 2025 ilitiwa saini Novemba 12, na katikati ya hapo kaunti na shule zilikuwa zikikopa ili mambo yasisimame.

Kuna pia kima cha chini cha mshahara. Huko Pennsylvania ni dola 7.25 kwa saa, kiwango cha shirikisho la Marekani kilichowekwa Julai 2009. Majimbo yote sita yanayopakana nalo hulipa zaidi, hata West Virginia. Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza mwaka 2023. Seneti haikuipigia kura. Juni 2025 ukaja muswada mwingine, wenye viwango tofauti kwa kaunti kubwa na ndogo. Ulipita kwa kura 102 dhidi ya 101, ukavuka ukumbi kwenda Seneti, na mwaka ulipoisha anayefagia duka la Johnstown alikuwa bado analipwa 7.25.